Kidole cha Kushoto cha Mama

Kolandoto, Shinyanga
18 Januari 1998

Mpendwa mdogo wangu Kalisti,

Marahaba, maana najua shikamoo ndilo neno ambalo lingekutangulia ungekuwa hapa mlangoni. Sisi tunaendelea, ila mvua ndiyo haitaki kutuacha. Barabara ya mjini imekatika tena, mahindi ya jirani yameoza yakiwa yamesimama, na wodini kwetu malaria imejaza vitanda hadi wengine tunawalaza chini. Mama hajambo. Anakula kidogo, asubuhi tunamtoa kibarazani, na anakusalimu kwa kunishika mkono kila nikitaja jina lako.

Kilichonikalisha na kalamu ni ile kompyuta uliyotuletea mwaka jana, kambi yenu ya utafiti ilipopata mpya. Imekufa. Mwalimu Athanas alikuja kuchapa mitihani ya wanafunzi wake, akaingiza diski yake mwenyewe, na kesho yake nilipoiwasha ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza kwamba haioni cha kuanzia. Ankit, yule kijana mwenye duka la uchapaji mjini, alikuja akasema ni kirusi. Anasema ipelekwe Mwanza, na Mwanza kwa barabara hizi sijui itarudi lini.

Wewe unajua Mama alivyokuwa. Pale sokoni Shinyanga wateja walimsikia kabla hawajaiona meza yake ya vitenge. Tangu kiharusi cha mwaka juzi kimfunge ulimi na mkono wa kuume, kile chombo ndicho kilikuwa kinywa chake. Kalamu haishikiki kwa mkono wa kushoto, lakini kidole kimoja kilitosha kubonyeza, akatugombeza kwa herufi, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Sasa anaomba akalishwe mbele ya kioo cheusi na anakitazama tu. Nikimwondoa anakasirika. Nikimwacha, ninashindwa mimi.

Kama kuna unachojua kuhusu hii mashine, niandikie upesi.

Dada yako,
Euphrasia


Geita
9 Februari 1998

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Mshikie na Mayu, mama yetu, miguu kwa niaba yangu. Barua yako imenifikia ikiwa na matope, lakini imesomeka yote. Mimi ni mzima. Huku kazi ni ile ile, mawe na namba, namba na mawe, na mvua inatunyeshea kama inavyowanyeshea ninyi.

Kompyuta haijafa. Kilichoharibika ni ule mfumo unaoiendesha, yaani Windows, na nimekutumia mwingine kwa kondakta wa basi la Jumanne. Utakuta CD moja na diski moja, nimezifunga kwenye soksi. Mfumo huu unaitwa Linux. Aliniachia mtaalamu mmoja wa miamba aliyekuwa akiutumia hapa kambini, akaniruhusu kuunakili, na akaniambia ruhusa hiyo haikuwa yake bali ni ya kila mtu. Umeandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mmoja kwao, wakitumiana kazi zao mpaka ikawa kitu kizima. Windows ni kama chakula cha hoteli: unakula, jikoni huingii. Hii ni sufuria ya msibani: huyu kaleta kuni, yule mchele, anayetaka kufunua aone kinachopikwa anafunua. Nacho kirusi cha Mwalimu Athanas hakitaweza kuishi humo.

Fanya hivi. Ingiza diski, washa, subiri ikuombe CD. Itakuja rangi ya buluu yenye maswali. Ukiulizwa lugha chagua Kiingereza, Kiswahili hawajakifikia. Kwenye kibodi acha ilivyo. Endelea polepole mpaka itakapotaka kuligawa lile diski kubwa lililomo ndani ya mashine. Hapo simama, dada. Nakuomba usimame. Ukikubali, kila kilichokuwa humo kitafutika, pamoja na maandishi yote ya Mama ya mwaka mzima. Ipo njia ya kuyatoa kwanza. Nitaijaribu kwenye mashine ya hapa, kisha nikuandikie hatua kwa hatua juma lijalo.

Nisubiri.

Kalisti


Kolandoto
1 Machi 1998

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Sisi salama. Salome wa kwa mjomba amejifungua mtoto wa kiume, na Mama alipoambiwa alicheka kwa upande ule unaocheka. Soksi yako ilifika kavu. Ila ule mfano wa sufuria ya msibani, ungetafuta mwingine.

Nilifanya ulivyoniagiza, neno kwa neno, kama siku yangu ya kwanza ya kuchoma sindano. Rangi ya buluu ilikuja. Maswali yalikuja. Nilifika pale pa kuligawa diski, nikasimama. Umeme ukakatika, nikaanza tena siku nyingine, nikafika pale pale, nikasimama tena. Sasa nimefanya hivyo mara nyingi hadi maswali nayajua kama litania. Mama hukaa pembeni yangu. Kila nikizima, anageuza uso ukutani.

Juma lijalo ulilolisema limepita, na mengine yakafuata. Nadhani ni mvua.

Juzi nilikutana na mzee Badrudin dukani kwake. Aliniuliza hali ya Mama, akanipa na biskuti nimpelekee. Katika mazungumzo akasema lori lake halipeleki tena vyakula kambini kwenu, na kwamba safari ya mwisho lilirudi na vitanda na meza. Nilichukua biskuti nikaondoka. Kila mtu ana mpango wake wa kueleza mambo yake, na mimi sikuulizi. Nakuomba tu zile hatua.

Na kama anwani yako imebadilika, sema.

Euphrasia


Kolandoto
29 Machi 1998

Kalisti,

Sijui kama barua hii itakukuta. Nimekuandikia hiyo ya mwanzo wa mwezi, sijapata jibu. Nilikwenda posta ya mjini nikapiga simu kambini. Iliita, ikaita, mtu hakupokea. Halafu redio ikataja machimbo yaliyobomoka upande huo wa Geita kwa sababu ya mvua, machimbo ya wachimbaji wadogo. Majina hawakuyataja. Nilijiambia kwamba mdogo wangu ni mtu wa ofisini, anaandika namba za mawe, hayumo. Nimejiambia hivyo nikiwa wodini, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani. Usiku nimejiambia mara ngapi, sikuhesabu.

Nitakueleza jambo nililokuwa nimekuficha, ili na wewe usinifiche. Mama aliacha kula. Mwanzoni alikataa ugali, halafu uji, halafu hata maji akawa anayapokea kwa shida na kufumba macho. Nilimwuliza panapouma, akawa anapiga kelele ile ya koo na kutupa mkono. Nilimpima kila kitu nilichofundishwa kupima. Sikuona homa, na kifua kilikuwa safi. Wenzangu wakanivuta kando wakaniambia taratibu kwamba wagonjwa wa namna hii hufika mahali wakachoka. Nikakubali, Kalisti. Mimi muuguzi nikakubali kwamba mama yangu ameamua kufa. Nikamwita padre.

Padre alikuja na mafuta matakatifu. Akampaka kwenye paji la uso, na alipotaka kumpaka kiganjani, Mama akaudaka ule mkono wa padre akaukandamiza kwenye taya lake mwenyewe, akaung'ang'ania. Padre akanitazama. Nikachukua tochi, nikamfungua kinywa. Lilikuwa jino. Gego la nyuma limeoza, fizi imevimba kama embe changa. Padre alicheka mpaka akakaa, akasema huyu Apolonia ana jina la mtakatifu ambaye watu humwomba wakiumwa meno, na sisi tumemletea mafuta ya kufia. Mimi sikuweza kucheka. Jino liling'olewa mchana ule ule, na jioni alikunywa uji bakuli zima.

Nilikaa nikawaza: angekuwa na kompyuta angeandika neno moja lenye herufi nne.

Basi nikaiwasha. Tukafika mahali pale ulipokataza. Nikamwambia, "Mama, tukiendelea, yote uliyoandika tangu mwaka jana yatafutika. Tumsubiri Kalisti?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Unaelewa kwamba hayatarudi?"

Akaniangalia vile alivyokuwa akimwangalia mteja anayeuliza bei mara ya tatu. Kisha akanyoosha kidole cha kushoto, akabonyeza mwenyewe.

Mashine ilinguruma muda mrefu. Iliomba neno la siri, nikaweka, nalikumbuka. Halafu ikajizima na kujiwasha, maneno meupe yakakimbia kama mchwa, mwisho kioo kikawa cheusi kikabaki na neno moja, "login", na kistari kinachopepesa. Hakuna picha wala kitufe cha kubonyeza. Niliandika "habari", ikaniomba lile neno la siri, nikalitoa, ikasema nimekosea ikarudi pale pale. Nadhani tumeiua. Tumefuta maneno ya Mama, na hatukupata kitu badala yake. Yeye anakitazama kile kistari kinavyopepesa, na mimi simtazami yeye.

Kama upo, andika hata mstari mmoja.

Dada yako


Nkome
20 Aprili 1998

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Pole kwa jino, pole kwa mafuta, pole kwa kunisubiri. Barua zako zote mbili zimenifikia pamoja, zilipitia mikono mingi. Mimi sijambo. Niko Nkome kwa muda, ziwani huku, kuna kazi za kupima maji, na kambi ilitutawanya huku na huku. Mwandiko uuvumilie, meza hakuna. Karatasi ikinuka dagaa, ni kwa sababu kila kitu hapa kinanuka dagaa. Nimepanga kwa mama mmoja anaitwa Mwanaima, anaanika dagaa ufukweni na kuwauza hadi machimboni, ni mtu mwema.

Sikiliza. Hamkuiua. Mmefanikiwa. Niliposoma niliwasomea watu wa hapa kwa sauti, ingawa hawakuelewa kitu. Hilo neno na kistari maana yake mashine ni nzima, imekaa, inasubiri uiambie wewe ni nani. Haimfungulii mtu isiyemjua, na "habari" haimjui. Linux haina papara ya picha, hasa katika mashine kuukuu kama hiyo. Inangoja jina.

Andika root, herufi ndogo, kisha Enter, kisha lile neno lako la siri. Itakupokea. Huyo root ni mwenye nyumba, anaruhusiwa hata kubomoa ukuta, kwa hiyo usikae humo. Mfungulie Mama chumba chake. Andika adduser, acha nafasi, andika apolonia. Kisha passwd, nafasi, apolonia, umpe neno la siri fupi, litakalofikiwa na kidole kimoja. Toka kwa kuandika exit. Kile kistari kitarudi, na safari hii mwache Mama aandike jina lake mwenyewe. Akishaingia aandike pico, Enter, na karatasi tupu itafunguka. Hapo aseme anachotaka.

Maandishi yake ya zamani ndiyo yameniuma. Nilisema juma lijalo, na juma lijalo halikuja. Siwezi kueleza zaidi ya hapo kwa sasa. Mwambie anisamehe.

Msinifuate huku, njia ni mbaya na mimi nitahama wakati wowote.

Kalisti


Kolandoto
10 Mei 1998

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mvua imekatika, wodi imepungua, na hapa nyumbani kuna kelele tena.

Nilifuata hatua zako moja moja. Nilipotoka kwa exit na kistari kikarudi, nilimsogeza Mama karibu nikamwambia andika jina lako. Alitafuta herufi moja baada ya nyingine. Herufi ya mwisho alikaa nayo, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikaona machozi yanamshuka. Halafu akaingia. Kioo ni cheusi na herufi ni nyeupe, na anasema ni bora hivi, macho hayamwumi.

Amekuandikia. Imemchukua siku tatu na hakutaka nimsaidie. Mashine ya kuchapia hatuna, kwa hiyo nakunakilia kwa mkono kama alivyoandika, bila kugusa kitu. Hata mimi nilikuwa sijajua atasema nini.

*kalisti marahaba.*

*dada yako anapika bila chumvi anasema daktari kakataza. mwandikie.*

*barua yako ya nkome nimeisoma mara nyingi. mistari inapanda juu. kalamu inakauka mwisho wa neno halafu inaanza tena. baba yako alipolazwa ule mwaka wa mwisho aliandika hivyo hivyo. kalamu ikitazama juu wino haushuki. mtu aliyekaa haandiki hivyo hata kama hana meza. wewe umelala chali. dada yako aliona akaogopa kuuliza. mimi siogopi nimeshapakwa mafuta.*

*nini kimevunjika. nani anakugeuza kitandani. usiseme maji. hujapima maji.*

*maneno yangu yaliyofutika usiyalilie. nilikuwa nagombeza tu. nitagombeza mengine. mtoto akifutika siandiki mwingine.*

*njoo. kama huwezi kutembea sema tukufuate.*

*mama*

Hayo ndiyo yake. Ya kwangu ni machache. Ni kweli niliona mwandiko, nikaiweka barua chini ya sahani ili nisiione. Nimeshaomba likizo. Bwana Badrudin amesema dereva wake atanipeleka hadi Geita nikimwambia siku. Kazi yako ni kuniambia siku tu.

Euphrasia


Nkome
25 Mei 1998

Mama, shikamoo. Dada, shikamoo.

Leo naandika nimekaa. Mwanaima amenipangia magunia mgongoni na amesimama hapo nje anageuza dagaa, ananichungulia kama nitaanguka.

Ni mguu wa kulia, umevunjika juu ya goti, na mbavu ambazo sasa zimepona. Kambi ilifungwa mwisho wa Januari. Nilipokutumia ile CD, dada, nilikuwa nimeshakabidhi funguo, na mashine ya kujaribia sikuwa nayo tena. Nilidhani nitapata ya kuazima mjini. Nilikuwa nimefundishwa kusoma mawe, nikaona siwezi kurudi nyumbani kukaa, kwa hiyo nikaingia duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na Mwita, mwenzangu kutoka Tarime, aliyekuwa mlinzi pale kambini. Tulichimba shimo tukashuka. Mbao za kuzuia kuta, tunaziita matimba, zilikuwa zimelowa kwa mvua. Siku ile ukuta wa upande wake ulikuja wote, na wa kwangu ukaja nusu.

Walitufukua mchana wa siku ya pili. Mimi nilikuwa napumua. Mwanaima alikuwa amekuja kuuza dagaa, akaona hakuna ndugu wa kunipokea, na hakuna aliyejua kwetu ni wapi. Mwenyewe nilikataa kuwaambia. Mganga wa zahanati ndiye aliyeuunga mguu, na Mwanaima ndiye anayenigeuza, Mama, kama ulivyouliza. Usiku akinisikia napiga kelele hugonga ukuta ili nijue kwamba niko juu ya ardhi.

Dada, mwambie dereva wa Bwana Badrudin aje Jumamosi ya tarehe sita. Ukifika Nkome uliza kwa Mwanaima wa dagaa, utaonyeshwa. Lete na kitenge kizuri, kimoja kati ya vile vya Mama vilivyobaki, si cha kumlipa, ni cha kumvika. Mimi natembea na magongo mawili kutoka kitandani hadi mlangoni. Msinionee huruma mbele za watu.

Nina jambo moja. Mwita hakufa mara ile. Tulikuwa tunasikiana gizani, yeye na mimi, ukuta wa udongo katikati, tangu lilipobomoka hadi karibu na alfajiri. Aliongea mengi. Watu wake walikuja kutoka Tarime wakaniuliza kama alisema neno, nikawaambia hapana, alikufa palepale. Mwanaima ameuliza, padre wa huku ameuliza, na kila nikifungua kinywa watu wanakuwa na haraka ya kunifariji kabla sijafika popote, nami nakifunga. Najua natakiwa kwenda Tarime kuwaambia. Kabla ya hapo lazima niweze kuyasema mara moja.

Mama, nataka niyasemee kwako, mbele ya hiyo mashine. Wewe hutanikatiza. Na utakaponijibu, utanijibu herufi moja moja, na mimi nitapata nafasi ya kulia katikati.

Mwanao,
Kalisti